Siku Tulizowafungia Nyuki

Nzige walitua Koboko jioni, kundi dogo lililoletwa na upepo kutoka Sudani Kusini. Nilikuwa nimetoka Arua kumtembelea shangazi, aliyenilea kwa asali. Mtama wake ulikuwa umefika kifuani, lakini macho yake yalikuwa mitini, kwenye mizinga kumi na mmoja.

Kabla giza halijaingia, mpiga dawa alikuja kwa baiskeli. Kazi yake ilikuwa ya kesho alfajiri. Hakuna aliyemtuma mapema. Alitueleza kwamba nzige hao walikuwa wameshageuka njano, tayari kutaga kwenye mchanga wa mtoni. Wakiachwa, mayai yataanguliwa yawe tunutu, watoto wa nzige wasio na mbawa, nao hula huku wakitembea. Dawa ipigwe kabla jua halijawapasha, maana nzige mwenye baridi haruki.

"Mama, kesho nyuki isitoke," alisema. "Dawa haichagui."

"Unakuja kuua mgeni, unaua na mwenye nyumba?"

"Ndiyo maana niko hapa leo."

Tulingoja nyuki wa mwisho warudi, tukaziba milango ya mizinga kwa nyasi mbichi, kwa ulegevu ili hewa ipite, tukaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Mpiga dawa ndiye aliyeshika ngazi. Akaumwa sikioni, na shangazi akamwambia hiyo ni mahari, sasa ni mkwe.

Alfajiri dawa ilipopigwa, nzige walipukutika kutoka kwenye mkwaju. Majirani walikuja na mabeseni, kwa kuwa sisi ni watu wa kumbikumbi na kitoweo kilikuwa kimelala chini bure. Shangazi aliwarudisha mmoja mmoja, akiwaambia nyama hiyo imekunywa sumu. Kisha kutwa nzima, na siku iliyofuata, tulimwagia magunia maji. Nilikuwa nikiweka sikio kwenye gogo la kila mzinga kusikiliza mvumo. Mmoja ulinyamaza. Joto liliwashinda.

Siku ya tatu tulifungua. Mzinga ulionyamaza haukutoa kitu. Kwenye ile mingine walitoka wachache, wakazunguka kama wageni, kisha wakamiminika. Shangazi alikaa chini kwenye majani akalia kidogo.

"Kumi iko," alisema. "Kimbia, umwambie mkwe wetu."

Lori la wapiga dawa lilikuwa limeshaondoka kurudi Arua. Nilikimbia kando yake, pumzi imeniishia, nikamwonyesha vidole vyote kumi. Naye, juu ya mapipa, akainua mikono yake miwili, akaishikilia juu mpaka vumbi likamficha.