Tairi la Chini ya Kamyoneti ya Baba

Mwaka wa 1978, nikiwa na miaka kumi na moja, nyumba yetu ya mtaa wa Bwiza ilianza kunuka mazutu, yaani dizeli, na samaki, na ndipo shida zilipoanza. Baba alipokuwa hai, harufu hizo ziliishia uani. Alikuwa akioga kwanza, anabadilisha nguo, halafu ndiyo anaingia ndani. Alifariki kwa homa ya siku tano. Akamwacha mama, akaniacha mimi, binti yake wa pekee, na akaacha kamyoneti moja ya bluu iliyokuwa ikileta samaki kutoka Rumonge, kando ya ziwa, kila asubuhi isipokuwa Ijumaa. Mama aliingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura. Basi mimi nikaondolewa shule, darasa la nne, nikapandishwa kwenye gari pembeni ya dereva ili niwe macho ya mama barabarani. Sikurudi shule tena. Nayasema haya bila aibu. Ninaandika kama ninavyoongea, na anayetaka Kiswahili cha mwalimu akamtafute mwalimu.

Dereva wetu alikuwa Rajabu, kijana mwembamba mwenye sauti ya kuuza mnadani, mwaminifu lakini mwoga wa wakubwa. Na mkubwa aliyemwogopesha kuliko wote alikuwa baba mdogo Idi, ndugu wa baba yangu, fundi cherehani, mtu wa suruali zilizopigwa pasi mpaka mstari unakata. Fungu lake la mirathi alikwisha kulichukua, kiwanja cha Buyenzi, na hakuna aliyemnung'unikia. Lakini alilitaka na gari. Wiki ya pili ya eda alikuja, akakaa upande wa pili wa pazia, kwa sababu shemeji hakai uso kwa uso na mjane aliye edani, na mimi nikawa katikati na sinia la chai.

"Shemeji, gari si sufuria," akasema. "Kwa mwanamuke itakufa njiani. Niachie mi."

"Na we tangu lini ulikuwa shofere?" mama akamjibu kutoka ndani. "Hata baiskeli inakuangushaka."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: gari lifanye kazi mpaka eda iishe. Wanawake wa sokoni waliozoea samaki wa baba wawapate kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Likikosa mara moja, ni bahati mbaya. Likikosa mara mbili, gari ni la Idi. Mama alikubali kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsemea. Bila gari lile tungerudi kukaa chumba kimoja kwa ndugu zake, tukila kwa kuangaliwa usoni. Mimi nililijua hilo, ingawa hakuna aliyeniambia.

Haikupita wiki tatu, tukapata pancha karibu na Magara, tairi la nyuma kulia. Rajabu akacheka tu, kwa sababu tairi la akiba tulikuwa nalo, tena jipya, limening'inia chini ya tumbo la gari kwa mnyororo. Anayezijua kamyoneti anajua namna yake. Unachukua chuma kirefu, unakipitisha kwenye tundu lililo juu ya namba ya nyuma, unatafuta kwa kubahatisha kitundu kingine kule ndani ambacho hukioni, chenye ukubwa wa kidole gumba, halafu unazungusha na tairi linashuka lenyewe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Rajabu alichokoa na kuchokoa. Chuma kiligonga kila kitu isipokuwa kitundu. Alipokipata, mnyororo ukakataa. Akazungusha kwa nguvu zote, chuma kikapinda. Akaingia chini na nyundo, akatoka na damu kwenye vidole. Nikachungulia nikaliona tairi letu pale juu, limejaa upepo, zima kabisa, na halitusaidii kitu.

Ikabidi tairi bovu lipakiwe kwenye baiskeli ya mtu, lipelekwe kuzibwa, lirudishwe. Tuliingia mjini alasiri. Mukeke, samaki wetu wa ziwani, walikuwa wamelegea, na maji yaliyokuwa yakidondoka nyuma ya gari yalifukuza mpaka paka. Wanawake wa sokoni walituzunguka mikono kiunoni. Mmoja, mnene, aliyekuwa akimpenda sana baba yangu, akafunua kikapu akakifunika haraka.

"Rajabu, sha, munatuletea samaki ao maiti?"

Tulipofika nyumbani, baba mdogo Idi alikuwa amesimama mlangoni. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu. Hakutukana, hakupiga kelele. Aliinua kidole kimoja tu, akasema, "Moja," akaenda zake.

Nilidhani mama atalia. Aliniuliza kitu kimoja: "Kilikataa wapi, kwenye tundu ao kwenye mnyororo?" Nikamwambia kote. Akaamuru gari lirudishwe kinyumenyume mpaka ndani ya ua, Rajabu atoke nje, lango lifungwe. Alitandika mkeka chini ya gari, akafunga kanga yake vizuri, akalala chali. Nikaingia nikalala pembeni yake. Eda haikumkataza kulala chini ya gari lake mwenyewe ndani ya ua wake mwenyewe, na kama kuna shehe mwenye neno tofauti, hakuwepo. Rajabu alibaki nje, tukiulizana naye juu ya ukuta.

"Rajabu! Hiki cha duara kinachozunguka na mnyororo, kinaitwaje?"

"Mi sijui jina yake, Mama! Sisi tunakiitaka kile kidude!"

"Na kidude kinapakwa nini?"

"Grisi, Mama! Lakini huko patron, marehemu, alisema tusiguse, alitengeneza mwenyewe!"

Mama akapitisha ukucha kwenye mnyororo, ukatoka mweusi kidogo, ukang'aa. Ilikuwa rangi. Baba yangu alilipenda gari lile kupita kiasi. Kila Jumamosi jioni aliliosha kwa ndoo, juu na chini, na alipoliona chini limeanza kushika kutu alinunua kopo la rangi nyeusi akalipaka lote, bodi, fremu, mpaka mnyororo wa tairi, mpaka kidude chenyewe. Rangi ilikauka ikagandisha pete zote za mnyororo zikawa kama fimbo moja, na maji ya kila Jumamosi yakaingia katikati na kuleta kutu pale pale alipoikimbia. Alitengeneza gari lipendeze chini, mahali ambapo hakuna anayepaangalia, na ndivyo alivyolifunga.

Niliona machozi yakimtoka mama yakielekea masikioni, kwa sababu alikuwa amelala chali. Halafu akasema, "Baba yako alipaka kwa mapenzi. Lete musumari tukwangue."

Tulikwangua siku mbili. Msumari, brashi ya kusugulia sufuria, mazutu kwenye bakuli. Pete moja, halafu inayofuata, mpaka kila moja icheze peke yake. Mazutu yalitutiririka mpaka kwenye makwapa. Mnyororo ulipolegea tukaupaka grisi ya kutosha, na kidude tukakivika kipande cha mpira wa ndani wa tairi, tukakifunga kwa kamba za mpira huo huo ili tope lisiingie. Kazi ya tundu ndiyo ilinifanya niamini kwamba mama yangu angekuwa injinia kama angezaliwa mahali pengine. Kabla ya msiba alikuwa akiuza mawese kwa chupa pale mlangoni, akimimina kwa mrija wenye mdomo mpana alioutengeneza kwa kopo la maziwa. Aliutoa jikoni, akaukata, akaufunga kwa waya nyuma ya lile tundu, mdomo mpana ukiangalia nje na mdomo mwembamba ukiishia kwenye kidude. Tangu siku ile chuma hakikubahatisha. Ukikiingiza tu kinateleza chenyewe mpaka mahali pake, kama mafuta yanavyoingia kwenye chupa.

Halafu akaniwekea sheria, mimi, si Rajabu. Jeki kwanza, ndiyo tairi lishushwe, kwa sababu gari lenye pancha na mzigo limekaa chini na tairi halina pa kutokea. Chuma kikigoma, usilazimishe, rudisha nusu mzunguko halafu uendelee. Na kila Alhamisi, gari likisharudi, tairi lishushwe mpaka chini, liguse udongo, lipandishwe tena, hata kama hakuna pancha. Rajabu alicheka sana. "Mutoto anafundisha tairi kusali," akawa anawaambia watu. Nilishusha, nikapandisha. Alhamisi kumi na mbili, nilizihesabu.

Wiki ya mwisho ya eda, baba mdogo Idi alikuja Rumonge na sisi. Alisema anataka kununua dagaa. Hakununua dagaa. Wakati wa kurudi na mzigo alikaa mbele na saa yake ya mkononi, mimi nikabanwa katikati, na kabla ya kufika Kabezi tairi la kushoto likalia. Rajabu akasimamisha gari. Uso wake ukawa wa kijivu. Baba mdogo akashuka taratibu, akaangalia saa, akaangalia jua, akasema, "Haya. Nione mali ya shemeji."

Rajabu akaweka jeki. Mimi nikachukua chuma. Kikaingia, kikateleza, kikakaa. Nikazungusha mara mbili, kikagoma. Nikasikia baba mdogo akivuta pumzi nyuma yangu, na Rajabu akisema, "Lete, lete, mi nitapiga!" Nikamwambia, "Apana, kaka, acha." Nikarudisha nusu mzunguko. Nikaendelea. Ule mnyororo ukaanza kuongea, tik, tik, tik, na tairi likashuka polepole likatua kwenye changarawe. Nilikikalia chuma nikacheka peke yangu.

Lakini lilitua mbali upande wa ndani, na mkono wangu haukulifikia, na Rajabu alikuwa ameshika jeki ambayo ilikuwa ikizama kwenye mchanga. Basi baba mdogo Idi, fundi wa suruali za watu wakubwa, akavua saa, akanipa, akalala kifudifudi barabarani, akajiburuta chini ya gari.

"Baba Idi! Suruali!" Rajabu akapiga kelele.

"Suruali inafuliwa," sauti ikatoka chini ya gari. "Samaki haifuliwi. Shika hiyo jeki, muzembe we."

Tulifika sokoni samaki wakiwa bado wagumu, macho yao maangavu. Jioni alikuja nyumbani na ile suruali ikiwa na tope mpaka kwenye mapaja, akakaa upande wake wa pazia.

"Shemeji," akasema, "tairi ilishuka."

"Ndiyo," mama akajibu. "Kunywa chai, isipoe."

Hakulitaja tena gari mpaka alipokufa, na kila sikukuu ya Idi alitushonea nguo bila kutudai. Namshukuru naye. Alitaka kutunyang'anya, kisha akalala kwenye changarawe kwa ajili yetu. Mtu anaweza kuwa vyote viwili.

Sasa nina miaka inayokaribia sitini, na madereva wangu, ninaowaambia washushe tairi kila Alhamisi, wananicheka kama Rajabu alivyonicheka. Magari yao yana viyoyozi na redio za kuguswa kwa kidole, lakini tairi la akiba bado liko chini ya tumbo, kwenye tope, mahali pa kubahatisha, na bado vijana wanafungua simu barabarani kutafuta mtu wa kuwafundisha kulishusha, jua likichoma mzigo. Siku hizi kuna fundi kila kona na grisi dukani. Wakati ule tulikuwa na msumari. Siutamani umaskini ule, asinidanganye mtu kwamba ulikuwa mtamu. Ninamshukuru mama tu, aliyenilaza pembeni yake kwenye mkeka na kunionyesha kwamba chuma hakijui aliyekishika ni nani. Shule sikuipata. Elimu hiyo ya mkekani niliipata.

Leo nina nyumba moja Mutanga Nord, ya matofali, vyumba sita. Nina viwanja viwili Carama, kimoja nimepanda mihogo, kingine najenga. Nina duka la vipuri Bwiza, milango miwili. Nina kamyoneti tatu na lori moja. Nina friji mbili kubwa za samaki. Nina ng'ombe wanne kwa mtu wa Bubanza. Vyote vimeandikwa jina langu.