Witness na Zimwi Lililohamia Nyotani

Saa mbili asubuhi, ndani ya ghala la kahawa huko Isansa, Witness Nzunda anapitisha vidole kwenye ungo akitafuta punje mbovu. Haoni nyeusi wala iliyovunjika. Anapapasa tu.

Jirani yake, Leah, ambaye wenzake humwita Mama Lusajo, ameshika riwaya. Anasoma silabi kwa silabi: "Zi-mwi li-ka-i-me-za mvu-a..."

"Mama Lusajo, hilo zimwi litazeeka tukikusubiri," anatania mwenzao. Leah anacheka, anarudia mstari.

Kwa miaka tisa msomaji alikuwa Witness. Riwaya alinunua za mitumba, Tunduma, akichagua zenye mazimwi na majoka ya ziwani, ila humo wanasafiri kwa vyombo vya angani.

"Bibi alinisimulia zimwi hilo hilo," anasema. "Humu limehamia nyotani, lakini tabia haijabadilika."

Alipokuwa akisoma, wenzake walimchambulia ungo wake, maana malipo ni kwa kilo.

Mwaka jana kurasa zilianza kufifia pembeni. Akadhani ni uchovu, akanunua miwani barabarani pale Mpemba. Alipofika hospitali aliambiwa ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi.

"Daktari alinishika mkono hadi nje. Hapo nikajua ni kweli."

Msimamizi, Osward, alisubiri wachambuaji wengine waondoke ndipo akamwambia Witness, "Huu ni msimu wako wa mwisho."

"Siku hizi punje mbovu haziji kabisa kwenye ungo wangu," anasema Witness kwa sauti ya chini. "Wenzangu wananitolea kabla. Wanadhani sijui. Nami nanyamaza, wasije wakaona haya."

Kahawa ikiisha atahamia Mbangala kwa kaka yake, Nikodemo, ambaye ameshamtengea chumba. "Atanilisha, sina neno. Lakini kule hakuna wa kunisomea."

Kitabu kimebaki kurasa chache. Humo, binti aliyezaliwa ndani ya kibuyu ndiyo kwanza anaikaribia nyota ya zimwi, ili aidai mvua ya kwao. Leah aliomba aende nacho nyumbani, ajizoeze, asome haraka wamalize kabla ya msimu kuisha. Witness alikataa.

"Nimemwambia asome hivyo hivyo, taratibu," anasema, akisukuma ungo wake mbele kwa wenzake. "Naomba kahawa itangulie kuisha. Nataka niondoke yule binti angali njiani. Giza ninaloingia ni refu, nitahitaji mtu wa kwenda naye."