Kibati Namba Thelathini na Moja

Barua ilinikuta Nakuru, kwenye cherehani yangu, na tangu nilipoisoma sikushona tena mshono ulionyooka. Baba mdogo Egesa aliandika: "Nabwire, mama yako anataka tumzike baba yako Jumamosi. Hasemi amejuaje kwamba amekufa. Njoo, labda wewe utamtoa neno." Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Miaka kumi na minne mama aliwaambia watu kwamba mumewe atarudi. Sasa kumetokea nini? Mimi nilijua baba amekufa. Ushahidi nilikuwa nao, na sikuwahi kumwonyesha mtu. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikaondoka.

Alhamisi jioni nilipanda treni, daraja la tatu. Wenzangu walifungua chapati na mayai wakanikaribisha, lakini mimi nilisimama mlangoni, nikiegemea mguu huu kisha ule. "Dada, kaa basi, tutafika pamoja," mama mmoja akanitania. Sikukaa.

Nilikulia Busia, upande wa Uganda, karibu na mgodi wa dhahabu. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chenye namba yake. Akiteremka shimoni alikitundika kwenye msumari ubaoni, akitoka alikitoa. Nyapara aliutazama ubao: ukiwa mtupu, wote wametoka. Baba alikuwa namba thelathini na moja, na kila jioni, akishatokeza kichwa, aliniachia mimi nikitoe. Siku moja nilichoka kumngoja. Sikuwa mtoto wa kutulia, jamani! Nilikitoa mapema, nikakivaa shingoni kwa uzi, nikaenda zangu kucheza. Alasiri ile shimo likaporomoka. Wanaume walianza kuchimba, nyapara akautazama ubao, akasema hakuna mtu chini, nao wakaweka majembe chini. Haukupita mwezi mgodi ukafungwa, na habari zikaenea kwamba baba ametorokea Kakamega kwa mwanamke mwingine. Mimi, kwa hofu, nilikichomeka kibati kwenye nyasi za paa letu. Nilipokwenda kuanza maisha Nakuru, nilikichukua.

Ijumaa asubuhi, Malaba mpakani, karani wa ushuru aliingia behewani akanyoosha kidole kwenye pindo langu. "Umefunga nini hapo?"

"Kibati."

Akalifungua pindo, akakigeuza, akacheka. "Hiki hakina ushuru, dada." Nilimpokonya, nikakifunga upya kwa mafundo mawili.

Tororo tulifika saa nne. Mwamba ulikuwa palepale juu ya mji, na vumbi la kiwanda cha saruji lilikuwa limekaa juu ya majani ya migomba. Basi la Busia lilikuwa likingoja kujaa. Mimi na kungoja wapi na wapi! Nikapata lori la pamba lililokuwa likiondoka, nikabanana na dereva na utingo wake.

Mchana, Busia. Badala ya kwenda nyumbani, miguu ilinipeleka mgodini. Seng'enge ilikuwa imelala chini, na shimo lilijaa maji ya kijani na matete. Ubao ulikuwa umeng'olewa zamani, huenda sasa ni mlango wa mtu. Kijitoni, jirani yetu Mama Ajambo alikuwa akizungusha mchanga ndani ya karai, akitafuta chembe za dhahabu.

"Eh, Nabwire! Wewe nakuja kuzika hewa?" akaniuliza. "Watu nasema baba yako iko Kakamega, nakula kuku."

Hasira zilinipanda. Nilitamani kulitupa karai lake majini. "Waache waseme," nikajibu, nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani mama alinikumbatia, akanipa uji wa wimbi. "Umekonda, mwanangu."

"Mama, umejuaje kwamba amekufa?"

"Kunywa kwanza." Nilipouliza tena akasema kuni zimelowa, akatoka nje.

Jumamosi, saa nne asubuhi, ukoo ulikusanyika. Kwetu, mtu akifa na mwili usipatikane, huzikwa tunda la mwegea badala yake, refu kama mkono na zito. Lilikuwa limevingirishwa shuka jeupe, kaburi liko wazi. Baba mdogo Egesa akainua mkono.

"Kumzika mtu aliye hai ni kuuletea ukoo balaa. Nani ataapa kwamba ndugu yangu amekufa?"

Akamtazama mama. Mama aliinamisha kichwa. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kakamega."

"Basi hatuziki," Egesa akasema. "Liondoeni."

Nikapita mbele, nikafungua pindo. "Baba hakutoroka. Alikuwa chini. Kibati nilikitoa mimi."

Nikaeleza yote huku nalia. Egesa alikichukua, akafuata namba kwa kidole. Nilingoja kofi.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

Akanirudishia kibati. "Kiweke wewe mwenyewe." Nikapiga magoti, nikakiweka juu ya shuka.

Watu walipokwisha kuzika na kula, mama alinivuta nyuma ya jiko. "Kile kibati nilikiona zamani, tulipoezeka paa upya. Nikakirudisha palepale."

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Ili wakuite mtoto aliyemfukia baba yake? Afadhali waniite mimi mke aliyeachwa."

"Na sasa?"

"Nimezeeka, Nabwire. Nilitaka nami nizikwe kando ya mtu. Lakini kuapa bila kukutaja, ningeapaje?"

Nilimshika mikono.

Jumapili mama alinisindikiza hadi stendi ya Busia. Njiani tukakutana na Mama Ajambo na karai lake kichwani. Alilitua. "Pole sana, mama mjane," akasema.

Mama alinyoosha mgongo. "Nimeshapoa," akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

Tororo, niliambiwa treni imechelewa kwa saa tatu. Miaka yote ile nilihangaika nikimficha mama siri, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinifichia mimi. Nilitafuta benchi, nikakaa, nikaingoja.