Finjani na Amana ya Televisheni

Televisheni tuliyokodi mjini Ibra, Omani, ilionyesha chenga tupu, nikairudisha dukani. Mwenye duka aliipokea upesi. Amana yangu ya riali ishirini ndiyo ikawa "bukra, inshallah", kesho isiyofika. Mkono mwepesi kupokea, mzito kutoa.

Siku moja akanimiminia kahawa, akidhani ataniondosha kwa adabu. Desturi ya huku, mgeni akitosheka huitikisa finjani. Asipoitikisa, mwenyeji hana budi kumimina. Sikuitikisa.

"Hutosheki, bwana?" akauliza, mdila wa kahawa umekuwa mwepesi mkononi mwake.

"Kahawa yako tamu, sheikh. Ahadi zako ndizo chungu."

Wateja wakacheka. Akavuta mtoto wa meza, akanitupia noti kama anayelisha kuku. Nikazihesabu, nikazirudia mbele yake, ndipo nikaitikisa finjani.