Wimbo wa Nyumbani kwa Padri

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kinanda, nilipewa kitambaa. Padri Mkuu wa misheni yetu, pale kando ya ziwa karibu na mji wa Baraka, aliniambia nikaushe vibao kimoja kimoja, kisha nirudi kesho nifanye vilevile. Vibao ni vile vyeupe na vyeusi ambavyo vidole hubonyeza. Unyevu wa ziwa huvivimbisha, na kimoja kikivimba sauti yake haikatiki, inalia Misa nzima na waumini wote wanakugeukia. Nilikausha vibao wiki mbili kabla ya kuruhusiwa kubonyeza hata kimoja. Ninyi vijana mlioniomba niandike haya, mnaochomeka waya wa kinanda ukutani na kupiga siku hiyohiyo, nawaonea wivu, na kidogo nawahurumia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji. Siku za kazi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, Jumapili mpiga kinanda. Kinanda chetu kilikuwa cha kukanyaga: miguu inasukuma pedali mbili kwa zamu, mifuko ya ngozi iliyo ndani inajaa hewa, hewa inapita kwenye ndimi ndogo za shaba, nazo zinaimba. Mguu ukizembea, wimbo unakata roho katikati. Panya waliipenda ile ngozi kuliko muhogo, kwa hiyo kila mwezi nilifungua mgongo wa kinanda na kuziba matundu kwa gundi. Nilikipenda chombo kile. Baba alikuwa ameshafariki, mama alikuwa mbali, Kazimia, mke sikuwa naye, na mimi si mtu wa maneno mengi. Pale mbele, nikiwa nimewapa watu wote mgongo, ndipo nilipojiona mtu kati ya watu.

Padri Mkuu alikuwa mkali wa saa. Ukichelewa dakika mbili, alikuwa anaanza Misa bila wewe na kukuacha uingie kwa aibu. Mapadri wenzake walipata barua na magazeti kutoka kwao, yeye sikumwona akipata kitu. Kila Alhamisi mchana, watoto wakishaenda nyumbani, alifunga milango ya kanisa, akaketi benchi ya mbele, na kunitaka nipige wimbo mmoja alionifundisha mwenyewe, noti kwa noti. Ulikuwa wimbo wa taratibu, unaopanda kama mtu anayepanda kilima na mzigo, bila haraka. Nilipomwuliza ni wimbo gani, alijibu kwamba ni wimbo wa nyumbani. Nikaelewa ni wimbo wa Ulaya. Kwangu mimi wakati ule Ulaya ilikuwa nyumba moja, na Wazungu wote walikuwa ndugu waliogombana mara mbili wakapatana.

Kosa langu lilitoka hapo. Mwaka wangu wa tatu alikuja mkaguzi wa shule, Mbelgiji mwenye daftari ambalo ndilo lililoamua mwalimu gani abaki na gani ahamishwe. Alifika Jumapili ili aanze kazi Jumatatu. Sasa, Misa ikiisha kuna muziki wa kutokea, unaopigwa bila kuimbwa watu wakienda zao, na huo ndio muziki pekee ambao mpiga kinanda anajichagulia. Nilitaka kumpa mgeni heshima. Sitaficha, nilitaka pia akumbuke sura yangu. Nikavuta vifungo vyote vya kuongeza sauti, nikapiga wimbo wa nyumbani kwa nguvu zote za miguu yangu.

Watu walitoka, mkaguzi hakutoka. Alisimama katikati ya kanisa, kofia mkononi, uso umeiva. Baadaye niliambiwa kwamba Wajerumani walimfunga miaka minne wakati wa vita, na wimbo huo aliusikia kila asubuhi akiwa nyuma ya waya wa miiba. Ulikuwa wimbo wa taifa la Wajerumani, ambao sisi tuliwaita Badachi.

Uani, mbele ya walimu wote, aliniuliza, "Hii wimbo ya Badachi, nani alikufundisha?"

Nilimtazama Padri Mkuu. Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Nilingoja aseme. Kama angesema neno moja, mimi ningebaki na kinanda changu. Nilijua hivyo, naye alijua. Alikuwa akiangalia viatu vyake. Mkaguzi akauliza mara ya pili.

"Ni mi mwenyewe, bwana," nikasema. "Nilipata mu kitabu."

Kitabu hicho hakikuwapo. Padri Mkuu alivuta pumzi, nikadhani sasa anasema. Akasema chakula kiko tayari.

Wiki ileile nilipata barua. Nimeondolewa kwenye kinanda, nimehamishiwa shule ya darasa moja milimani, upande wa Fizi. Nilibeba godoro, sufuria na sanduku la chaki. Padri Mkuu alikuwa safarini siku niliyoondoka, au ndivyo mpishi wake alivyoniambia.

Kule milimani nilifundisha kuimba kwa mdomo mtupu. Mwalimu anatoa sauti ya kwanza, watoto wanaishika, na kama mwalimu ana mafua darasa zima linaimba mafua. Kazi yenyewe haikunishinda. Kilichonishinda ni jioni. Habari zilikuwa zimenitangulia, wakaniita mwalimu wa Badachi, na wazazi waliogopa kukaribia mtu ambaye serikali inamtazama. Walinisalimu kutoka ng'ambo ya njia. Hakuna aliyenialika kula, na nilipougua malaria nililala siku tatu bila kusikia mtu akibisha mlango. Vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe juu ya meza. Nikavikalia.

Mwaka wa pili Padri Mkuu alipanda kutembelea vikanisa vya milimani. Alinikuta darasani peke yangu, nasahihisha. Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakimfika kifuani, akaanza kunieleza kama mtu aliyekariri njiani.

Alizaliwa, alisema, katika kona ya Ubelgiji ambako watu wanazungumza Kijerumani, kipande cha nchi kilichobadilisha wamiliki baada ya kila vita. Muziki wa wimbo ule si hata wa Wajerumani: mtunzi wa Austria aliutunga zamani kumwombea mfalme wake. Miaka mingi baadaye msomi mmoja Mjerumani, akiwa kisiwani, aliupa maneno mapya. Wakati huo nchi yao ilikuwa vipande vipande, kila kipande na mtawala wake, na ubeti wa kwanza uliwataka waiweke nchi nzima mbele ya watawala hao wadogo. Ulifanywa wimbo wa taifa baada ya vita vya kwanza. Kisha wakaja watu wa vita vya pili, wakaimba ubeti huo wa kwanza peke yake, kwa majivuno, kana kwamba dunia yote ni yao, na waliowafunga na kuwaua watu waliusikiliza huohuo. Vita vilipoisha, wimbo ukanyamazishwa. Sasa Wajerumani wa upande wa magharibi wameurudisha, lakini wanaimba ubeti wa tatu tu.

Nilimwuliza ubeti wa tatu unasema nini. Akasema unaomba umoja, haki na uhuru. Alipofika kwenye haki, sauti yake ilishuka.

Kisha akasema, "Naweza kuandikia Monseigneur, askofu yetu, barua. Naweza kusema ni mi nilikufundisha. We utarudia Baraka, ku kinanda yako."

"Na we, mupe?" nikamwuliza. Mupe ndivyo tulivyowaita mapadri.

"Mi batanirudisha Ulaya. Kule siko na muntu." Aligeuza kofia mkononi. "Sema we. Ukisema niandike, naandika leo."

Nilimwambia, "Acha, mupe. Usiandike."

Nilikaa Fizi miaka minne zaidi. Uhuru wetu ulipokuja, Padri Mkuu aliondoka na Wazungu wengine, na sikujua alikoishia. Mimi nilihamishiwa Nundu, nikawa mwalimu mkuu, nikaoa, nikazeeka, nikastaafu. Kinanda cha Baraka kilipata mpigaji mwingine, na hodari kuliko mimi, wanasema. Sikuketi tena mbele ya kinanda chochote. Nyimbo nilizofundisha kwa mdomo sina hesabu yake, na wapo wazee leo wanaoimba kwa sauti niliyowapa.

Wajukuu wakisikia habari hii wananisifu. Wanasema babu alikuwa na moyo mweupe, alimsamehe padri. Nawaacha waseme, lakini kwa kuwa ninyi mmeomba niandike kazi yangu ilivyokuwa, nitaandika ilivyokuwa. Sikumsamehe. Nilisema usiandike kwa sababu nilitaka anikatalie. Nilitaka aseme hapana, mwanangu, kosa hili ni langu, nitaandika hata ukikataa. Nilishika kalamu nyekundu, nikajifanya nasahihisha, nikangoja.

Akasema asante. Akavaa kofia yake, akateremka kuelekea ziwani kabla mvua haijanyesha.