Tangi la roketi lafunga shamba la mwani la Ummulkheir

“Toa mkono wako hapo, Zahoro! Unasikia?”

“Bi Ummulkheir, alama ni yangu. Sisi wa huku hatujaanza leo kuokota vya bahari.”

Saa mbili asubuhi, maji yametoka mbali, na nusu ya kijiji iko ufuoni karibu na Vanga kusikiliza. Kati ya Ummulkheir na jirani yake Zahoro, fundi wa mashua, limelala tangi jeusi la mviringo, kubwa kama sufuria ya pilau ya harusi, limenasa kwenye kamba za mwani. Juu yake kimefungwa kitambaa chekundu.

Hapa, kilichosukumwa na bahari ni cha wa kwanza kukifunga kitambaa. Haruhusiwi mwingine kukigusa mpaka yeye akifungue. Zahoro alikifunga chake Jumatatu. Anataka tangi la maji ya mvua.

“Ya kunywa?” anauliza Ummulkheir. “Kamtazame Twaiba kwanza, ndipo urudi unieleze kiu yako.”

Watu wanacheka, kisha wanakumbuka. Twaiba, mtoto wa dada yake Zahoro, ndiye aliyelisugua Jumatatu hiyo, pale mrija uliokatika ulipokuwa ukivuja. Kufikia jioni mikono ilikuwa malengelenge matupu, macho hayafunguki. Leo ni siku ya tatu amelazwa hospitali ya Msambweni.

Maafisa waliokuja kulipiga picha walisema ni kipande cha roketi chenye mabaki ya mafuta ya sumu. Likitobolewa, hewa yake yaweza kuua. Kwa mkataba wa mataifa, ni mali ya nchi iliyolirusha, na madhara ni juu yake. Wakasema lisiguswe, wakaenda zao. Nchi tatu bado zinaulizana ni la nani.

“Likiwa juu lina wenyewe,” asema Ummulkheir. “Limeangukia kwangu, mara halina mtu!”

Ana miaka 47, mjane wa watoto wanne, mwenyekiti wa wakulima wa mwani 31. Bamvua, maji yanapotoka mbali, ni siku chache tu kwa mwezi. Usipovuna, mwani unakatika na kuchukuliwa. Bamvua njema humpa shilingi elfu sita. Safari hii amefunga shamba lote, asivune mtu, akianza na kamba zake. Wenzake wawili hata salamu wamemkatia.

“Na wanune. Nitawaomba radhi wakiwa wazima.”

Wala hakungoja wakubwa. Twaiba alipougua tu, alimpigia Warda, mkulima mwenzake ng’ambo ya mpaka, Tanzania. “Dada, mkiona jeusi la mviringo, msilisogelee.” Kesho yake Warda akajibu: wamelipata la pili, wamelizungushia vigingi, hajaumia mtu.

Sasa Zahoro ametoa keekee mfukoni, anatafuta pa kutoboa. Akina mama wanarudi nyuma wakivuta watoto. Ummulkheir peke yake anasogea mbele.

“Namba zilizoandikwa hapo ndizo zitakazomtaja mwenyewe. Daktari naye anauliza ni sumu gani. Ukiliharibu, watasema tumelichezea sisi. Nani atamjibia Twaiba, mjomba mtu?”

Zahoro anatazama namba, anatazama keekee. Anairudisha mfukoni. Kisha anaokota kijiti na kukifungua kitambaa taratibu.

“Si langu,” anasema kwa sauti. Desturi inataka mara tatu, anazitimiza zote.

Jumatatu ijayo Ummulkheir anakwenda Kwale, kwenye ofisi za kaunti, na barua iliyotiwa saini na kikundi chake na cha Warda. “Wanaorusha roketi watutangazie redioni, kwa Kiswahili, kabla, kama wanavyotangaza dhoruba. Na wakikaa vikao vyao, kiti kimoja wampe mtu wa ufuoni. Nami kusema siogopi, mmeniona.”

Nyumbani kwake, uani pamejaa majirani, kila mmoja akisimulia alivyoona yeye. Zahoro amebaki nje ya ua, kichwa chini.

“Na wewe wasimamia nini huko?” anamwita Ummulkheir. “Nawa kwa sabuni, mara mbili, nikuone. Kuna muhogo wa nazi na papa. Karibu ndani, ule.”