Aliyeshika Antena Hakuona Picha

Kaka yangu Isidori alishika antena miaka saba, na katika miaka hiyo saba hakuona picha hata moja. Watu wa hapa kijijini Daudi humsifu kwa viazi vyake, kwa ng'ombe wake na kwa ukimya wake. Mimi ni mdogo wake, Evaline, na nikiuona ule mlingoti wa mkaratusi bado nasikia hasira.

Mambo yalianza na Kornelia, binti wa jirani yetu Mama Lucia. Isidori alimpenda na hakumwambia mtu, lakini mapenzi ni kikohozi. Alikuwa akipeleka ng'ombe mtoni kwa kupita mlangoni kwao, na mto uko upande wa pili kabisa. Kornelia alikwenda Arusha kushona nguo, akajiunga na kwaya ya kanisani huko. Siku moja akampigia mama yake simu. Kwaya yao ilikuwa imerekodiwa, ingeonyeshwa kwenye televisheni Jumapili mchana.

"Nitakuwa safu ya pili," alisema, "nimefunga kitambaa cheupe. Mwambie Isidori naye aangalie."

Jumapili ile haikumkuta Kornelia. Homa ilimchukua kwa siku nne, tukamzika nyuma ya nyumba ya mama yake, ukungu ukiwa umeshuka mpaka mabegani mwetu.

Kilio kilipokwisha, Mama Lucia alimswaga mtamba wake hadi kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, akarudi na televisheni ya chogo na betri ya gari. Isidori alikata mkaratusi mrefu, akafunga antena juu yake, akausimika kando ya dirisha la mama huyo. Huku kwetu kwenye vilima mawimbi yalifika yamechoka. Isidori akiuachia mlingoti, picha inapotea. Akiushika, inarudi. Basi kila Jumapili, kipindi cha kwaya kikianza, yeye alisimama nje ameukumbatia, mvua inyeshe isinyeshe. Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani na kupiga kelele: zungusha, rudisha, hapo hapo.

Mama Lucia alikaa kwenye kigoda chake, akamsimulia kupitia dirishani.

"Ndiyo huyo, mwanangu. Kitambaa kimemkaa vizuri. Anaimba. Sasa ameangalia huku."

Nje, Isidori alifumba macho na kutabasamu peke yake, shavu limegusa mti. Kipindi kilirudia nyimbo zile zile mwaka hadi mwaka, na mwaka hadi mwaka alisimuliwa.

Nami nilikuwa ndani, kwa hiyo niseme nilichoona. Niliona chenga. Zilianguka taratibu kama ukungu wa asubuhi unavyoshuka kwenye mashamba ya ngano, na ndani yake vilisimama vivuli vimepanga safu, watu au miti, nani ajuaye. Sauti tu ndiyo ilikuja vizuri. Kuna Jumapili ambazo usingizi wa mchana ulinipitia, na katikati ya usingizi nikaona kitu cheupe kikigeuka kunitazama. Nikishtuka, chenga. Sikumwambia kaka yangu. Ningemwambiaje?

Kisha redio ikatangaza kwamba analojia inazimwa. Siku ilipofika, hata vivuli vikaondoka. Zikabaki chenga zenyewe na mvumo, na Mama Lucia akaziangalia wiki tatu nzima kwa subira yake. Isidori alishuka Mbulu mjini, akarudi na king'amuzi ndani ya mfuko wa mbolea na antena mpya mgongoni.

"Evaline," aliniambia nilipompokea njiani, "hii ukishaielekeza haishikwi. Jumapili nitakaa ndani. Nitamwona."

Aliifunga juu ya mlingoti ule ule. Jumapili hiyo alinyoa ndevu, akavaa shati lake la Krismasi. Nilimcheka, lakini moyo wangu ulikuwa mzito.

"Shikamoo, aayo," alimsalimu Mama Lucia, kwani siku hizo alikuwa akimwita mama kwa Kiiraqw, na mama huyo hakukataa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Yeye mwenyewe akasimama, akajitanda shuka lake. "Miaka yote umeshika wewe. Leo nashika mimi, wewe uangalie."

Isidori alifungua kinywa kumweleza, akakifunga. Mama alikwisha toka. Tuliona kivuli chake dirishani, ameukumbatia mlingoti.

Picha ikaja. Sikuwahi kuona kitu kilicho wazi namna ile: meno ya waimbaji, jasho, vifungo vya mashati. Na chini, kwa herufi safi, jina la kwaya na mji wake. Haukuwa Arusha. Isidori alisoma, nami nikasoma. Wimbo ulikuwa ule ule wa miaka yote. Safu ya pili ilikuwa na wasichana sita waliofunga vitambaa vyeupe, na kila mmoja alikuwa mtoto wa watu wengine.

"Unamwona?" Mama Lucia aliuliza kutoka nje.

Kaka yangu aliweka mikono magotini. Nilimuonea uchungu ambao hata siku ya mazishi sikuusikia. Aliziangalia zile sura sita moja moja, akarudia tena, kisha akafumba macho.

"Usisogee, aayo," alisema. "Hapo hapo. Namwona."

"Kitambaa je?"

"Kimemkaa vizuri. Anaimba. Sasa ameangalia huku."

Mpaka leo Mama Lucia hajakaa ndani kuangalia. Kila Jumapili hutoka na shuka lake kwenda kuushika mlingoti. Juzi nilichoka, nikamwambia kwamba antena hii haihitaji mkono wa mtu. Akasema anajua. Kisha akamuuliza Isidori kama wimbo umeanza.